Sauti Ikibanwa, Je, Amri Hufika Nzima?

Kati ya kinywa cha kamanda na sikio la askari wake aliye kilomita kadhaa mbele, siku hizi pana mashine inayoamua kwa niaba yao wote wawili. Mashine hiyo haiipeleki sauti kama ilivyotoka kinywani. Huisikiliza, huipima, hukata shauri kipi ni cha lazima na kipi ni cha anasa, kisha hukitupa cha anasa na kukirusha hewani cha lazima peke yake. Upande wa pili mashine ya namna hiyo hiyo hupokea kile kidogo kilichofika na kukifinyanga upya kiwe sauti ya mtu. Askari huitikia, "Nimekupata." Kwa hakika alichokipata si sauti ya kamanda wake, bali ni sanamu ya sauti hiyo iliyochongwa ndani ya redio yake mwenyewe.

Kazi hiyo huitwa kubana sauti. Ndiyo iwezeshayo nyimbo maelfu kuenea katika simu moja ya mkononi, na ndiyo iwezeshayo vikundi kadhaa vya polisi kusema kwa wakati mmoja katika masafa ambayo zamani yalitosha kikundi kimoja tu. Wapiganaji na askari polisi wengi huitumia tangu asubuhi hadi usiku bila kujua kwamba ipo, na aghalabu hakuna ubaya. Lakini zipo nyakati ambapo kile kilichotupwa kwa kuonekana anasa ndicho hasa kilichokuwa kikitakiwa: tofauti baina ya "vuka mto" na "shuka mto", au mnong'ono wa mtu wa tatu katika sauti iliyonaswa na mpelelezi.

SAUTI KUWA HESABU

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi ipatayo 20,000 kwa sekunde. Ili kuigeuza sauti kuwa tarakimu, mtambo hupima kimo cha mtetemo mara nyingi mno katika kila sekunde, na kanuni yenyewe ni kwamba vipimo hivyo vipite mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa kuhifadhiwa. Santuri ndogo za CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na njia ni mbili, ya kushoto na ya kulia. Biti ni jibu moja la ndiyo au la, basi. Zidisha tarakimu hizo utapata biti 1,411,200 kwa kila sekunde moja ya muziki, na kwa saa nzima baiti zipatazo milioni 635.

Simu haikuhitaji ukarimu wa namna hiyo. Mwingereza Alec Reeves, aliyekuwa akifanya kazi Paris, ndiye aliyepata hataza ya kugeuza maongezi ya simu kuwa tarakimu mwaka 1938, wakati vyombo vya kuitekeleza fikira yake kwa bei nafuu vilikuwa bado havijazaliwa. Mafundi wa simu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mitetemo kati ya 300 na 3,400 yatosha watu kuelewana. Ikipimwa mara 8,000 kwa sekunde kwa biti 8, hupatikana biti 64,000, na hiyo ndiyo kadiri iliyotumika katika simu za waya za dijitali kwa miaka mingi.

Hata hapo palikuwa na kilichotupwa. Nguvu kubwa ya herufi kama "s" na "f" ipo juu ya mtetemo wa 3,400, yaani nje ya lile dirisha la simu. Ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwa simu hulazimika kusema "S ya Simba" au "F ya Fisi". Sikio lake halina ugonjwa wowote.

KOO NA SIKIO

Biti 64,000 kwa sekunde ni mzigo mzito kwa redio ya vitani au ya doria. Masafa ni machache, betri ni ndogo, na kadiri biti zinavyoongezeka ndivyo nguvu ya kuzirusha mbali inavyozidi kutakiwa. Wataalamu wamepunguza mzigo huo kwa njia mbili ambazo kwa maoni yangu ni muhimu kutozichanganya. Njia ya kwanza huiga koo la msemaji. Ya pili huiga sikio la msikilizaji. Redio ya askari ni mtoto wa njia ya kwanza, na muziki wa simu ni mtoto wa njia ya pili.

Njia ya koo ilikomaa vitani. Katika maabara za Bell huko Marekani, mhandisi Homer Dudley alitambua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba kinywa cha mtu hubadili umbo polepole sana kikilinganishwa na kasi ya mtetemo wa sauti yenyewe. Basi kwa nini kutuma mawimbi yote? Tuma maagizo tu: kamba za sauti zinatetema au hazitetemi, zinatetema kwa kasi gani, na kinywa kimekaa vipi. Mashine ya upande wa pili itasema yenyewe. Chombo hicho kiliitwa vokoda.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakubwa wa Marekani na Uingereza walikuwa wakizungumza kwa redio kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mtambo ulioitwa A-3, ambao uliivuruga sauti tu bila kuifunga kwa fumbo la kweli. Wajerumani walifaulu kuufumbua wakawa wanasikiliza. Jibu la Wamarekani lilikuwa mtambo wa SIGSALY, uliofunguliwa rasmi tarehe 15 Julai 1943 kati ya Washington na London. Vokoda yake iligawa sauti katika njia 12, kila njia ikapimwa mara 50 kwa sekunde kwa ngazi sita tu, na jumla yake ni biti zipatazo 1,500 kwa sekunde. Kwa kuwa maongezi yalikuwa yamepunguzwa hadi kuwa tarakimu chache hivyo, iliwezekana kila tarakimu kuchanganywa na tarakimu ya siri iliyotoka katika santuri. Santuri zilikuwa pacha, moja kila upande, nazo ziliharibiwa baada ya kutumika. Kituo kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 55. Kile cha London kiliwekwa chini ya ardhi katika duka kubwa la Selfridges, na yamkini wanunuzi waliokuwa wakipanga foleni juu yake hawakuwa na habari. Mikutano zaidi ya 3,000 ilifanywa kwa mtambo huo, na habari zake hazikutolewa hadharani hadi mwaka 1976.

Sauti yake haikuwa ya kupendeza. Ilikuwa sauti ya chuma. Lakini maneno yalifika na adui hakuyaambua, na kwa jeshi hilo lilikuwa tosha.

Msomaji na aweke vidole viwili kooni, aseme "zzz", kisha aseme "sss". Katika ile ya kwanza atahisi mtetemo, katika ya pili hatahisi kitu ila pumzi. Juu ya tofauti hiyo ndogo ndipo ulipojengwa ubanaji mwingi wa sauti za redio za kijeshi. Kanuni iitwayo LPC-10, iliyopitishwa na serikali ya Marekani mwaka 1984, ilitumia biti 2,400 kwa sekunde. Katika kila kipande kifupi cha sauti iliilazimisha mashine ichague: kuna mtetemo au kuna pumzi. Lakini "z" na "v" ni mtetemo na pumzi kwa pamoja! Ikichagua mtetemo mtupu, "z" hugeuka mvumo wa nyuki. Ikichagua pumzi tupu, "vaa" huelekea kuwa "faa". Kanuni iliyofuata, MELP, iliyochaguliwa mwaka 1996, ilibaki na biti zile zile 2,400, ila iligawa sauti katika tabaka tano na kuruhusu kila tabaka kuwa na kadiri yake ya mtetemo na ya pumzi. Biti hazikuongezeka hata moja, na maneno yakaeleweka zaidi. Baadaye Shirika la NATO lilichukua toleo lake lililoboreshwa, ambalo laweza kushuka hadi biti 1,200 na hata 600. Kwa biti 600, maongezi ya saa nzima ni baiti 270,000 tu.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji wa redio hawapendi kulisema waziwazi: idadi ya biti peke yake haisemi mengi. Biti 2,400 za mwaka 1984 na biti 2,400 za mwaka 1996 si kitu kimoja, kama vile magunia mawili ya uzito mmoja yawezavyo kuwa moja la mchele na jingine la pumba.

Redio za dijitali za polisi na zimamoto zipo juu kidogo ya hapo. Mfumo wa TETRA, uliotoka Ulaya, hukata sauti katika vipande vya sehemu 30 za elfu ya sekunde na kila kipande hupewa biti 137, yaani 4,567 hivi kwa sekunde. Ule wa Marekani uitwao P25 ulianza na biti 4,400 za sauti, zikiongezwa 2,800 za kurekebisha makosa ya njiani. Simu za mkononi za GSM, zilizoanza kazi Finland mwaka 1991, zilipewa 13,000. Zote hizo kwa kadiri kubwa au ndogo ni watoto wa Dudley. Zinatuma habari za koo.

UDHAIFU WA SIKIO

Njia ya sikio ni hekima ya aina nyingine kabisa. Haijali sauti imetoka wapi. Yaweza kuwa ya mtu, tarumbeta au treni. Inachouliza ni kama msikilizaji ataisikia.

Bendi ya gwaride inapopita, ngoma kubwa ikipigwa, hakuna asikiaye pumzi ya mpiga filimbi aliye pembeni yake, ingawa pumzi hiyo ipo hewani na chombo cha kupimia kingeionyesha. Sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, na huendelea kuifunika kwa muda mfupi hata baada ya yenyewe kunyamaza. Harvey Fletcher wa maabara zile zile za Bell, na baada yake Mjerumani Eberhard Zwicker, walipima kwa uangalifu mipaka ya ufunikaji huo. Waliofuata wakauliza swali la kibahili: kama haisikiki, kwa nini iandikwe?

Katika mji wa Erlangen, Ujerumani, mwalimu Dieter Seitzer alitaka kupeleka muziki kwa waya za simu, na mkaguzi wa hataza akamkatalia kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg, alilichukua likawa kazi ya maisha. Mtihani wake mgumu haukuwa okestra yenye ala mia. Ulikuwa wimbo wa mwanamke mmoja, Suzanne Vega, aimbaye "Tom's Diner" bila ala yoyote. Sauti ya mtu ikiwa uchi namna ile haina ngoma ya kujificha nyuma yake, na kila dosari ya mashine hujitokeza. Brandenburg aliurudia wimbo huo tena na tena akirekebisha mahesabu yake. Kanuni ilichapishwa mwaka 1993, na Julai 1995 ikapewa jina ambalo kila kijana hulijua, MP3. Kwa biti 128,000 kwa sekunde, muziki wa CD huwa umepunguzwa mara 11.

Je, masikio hayatambui? Hapo ndipo penye ubishi usiokwisha katika mabweni na mabaa. Mmoja huapa kwamba biti 320,000 ni tamu kuliko 256,000, na mwingine kwamba kila kilichobanwa ni takataka. Njia ya kuwaamua ipo, na ni rahisi kama paredi ya utambuzi inayojulikana na kila askari polisi. Msikilizaji hupigiwa sauti ya asili na iliyobanwa bila kuambiwa ipi ni ipi, hutakiwa kuzitenganisha, na hurudishiwa mara nyingi hadi bahati iwe haiwezi kumsaidia. Katika vipimo vya namna hiyo, MP3 ya biti 128,000 iliyobanwa vibaya hutambulikana. Ikifika 192,000 na kuendelea, ikiwa imebanwa na programu nzuri, wasikilizaji wengi kwa nyimbo nyingi hubaki wakibahatisha. Kanuni za baadaye, AAC na ile ya mwaka 2012 iitwayo Opus, hufika pale pale kwa biti chache zaidi. Mtu aliyekwisha kuonyeshwa tarakimu kabla ya kusikiliza hafai kuwa shahidi.

Ziko sauti chache zinazoishinda hata mashine nzuri. Maarufu ni kastaneti, vile vibao vya mkononi vya wachezaji wa Kihispania. Mashine hufanya kazi kwa vipande, na kibao kikilia katikati ya kipande, uchafu wa hesabu husambaa katika kipande kizima pamoja na sehemu iliyotangulia mlio. Sikio husamehe uchafu unaokuja baada ya kishindo, lakini ule unaokitangulia halisamehe sana, kwa hiyo husikika kama mkwaruzo mdogo kabla ya pigo. Mlio wa risasi ni ndugu yake kastaneti. Nitaurudia hapo mbele.

TAMU SI KUELEWEKA

Mpenzi wa muziki huuliza kama sauti inapendeza, askari huuliza kama imeeleweka, na maswali hayo mawili hupimwa kwa mizani mbili. Katika ya kwanza, wasikilizaji hutoa alama kuanzia 1 hadi 5, kisha hutafutwa wastani. Katika ya pili hawaulizwi maoni. Mtihani unaotumika sana, uliobuniwa na Mmarekani William Voiers, humpa msikilizaji maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi ya kwanza tu, kama "veal" na "feel" ya Kiingereza, kisha hutamkwa moja naye huchagua. Akikosea amekosea, hata kama sauti ilikuwa tamu kama asali.

Mtihani huo ulitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili, ambacho tangu enzi za King's African Rifles kimekuwa lugha ya kambi katika nchi zetu kadhaa, kina mitego yake. "Pita" na "sita" zimetengwa na herufi moja, nayo "sita" hubeba maana mbili, tarakimu na amri ya kusimama. "Sita" na "tisa" zina herufi zile zile zilizobadilishana viti. Pumzi ya "s" ikipotea, askari hana cha kushika. "Vuka" na "shuka". "Adui yuko kwenye panda" na "adui yuko kwenye banda": huku ni njia panda, kule ni kibanda cha mtu mwenye watoto ndani. Tofauti ya "p" na "b" ni mtetemo wa koo wa muda mfupi mno, na muda huo waweza kuwa mfupi kuliko kipande kimoja cha mashine.

Zaidi ya hayo, akili ya binadamu ni mshirika mkubwa wa mashine katika kudanganya. Mwaka 1970 mtafiti Richard Warren alichukua sentensi iliyorekodiwa, akafuta "s" moja kabisa na kuweka kikohozi mahali pake. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna herufi iliyokosekana. Waliisikia "s" ambayo haikuwapo, kwa kuwa sentensi iliwaongoza kuitarajia. Mwendesha redio aliyekwisha kutarajia amri ya kuvuka ataisikia amri ya kuvuka, na ataapa mbele ya baraza la uchunguzi kwamba aliisikia, na hatakuwa anasema uongo. Kurudia amri kwa mtumaji, kunakofundishwa katika kila chuo cha kijeshi na kuonwa na makuruti wengi kuwa ni adhabu, kuliwekwa kwa ajili ya udhaifu huo wa akili, na redio ya dijitali haikukuondoa.

Sasa ongeza makelele. Mashine ya njia ya koo imefunzwa kuamini kwamba kinachoingia katika kipaza sauti ni koo moja la binadamu. Ikipewa koo pamoja na injini ya lori, haina namna ya kusema "hii ni injini". Itajitahidi kuielezea injini kwa kamba za sauti na umbo la kinywa, na vyote viwili vitatoka upande wa pili vikiwa uji. Zimamoto wa Marekani waliligundua jambo hili kazini walipoanza kupewa redio za dijitali. Mtu aliye ndani ya nyumba inayoungua, amevaa barakoa ya hewa, king'ora cha kifuani kikilia, alisema na hakueleweka. Malalamiko yao yalifanya maabara ya serikali huko Boulder, Colorado, kuwapima wasikilizaji kwa kelele za kweli za kazini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika baadhi ya kelele hizo redio ya zamani ya analojia ilieleweka zaidi kuliko ya dijitali. Tangu hapo vokoda zimeboreshwa, na nyingi zina kifaa cha kupunguza kelele kabla ya kubana, lakini hakuna iliyo na sikio la mtu la kuchambua.

Analojia ilikuwa na fadhila nyingine. Askari akisogea mbali, mkwaruzo huongezeka kidogo kidogo, naye hujua kwamba anakaribia kupotea. Dijitali husema kwa ufasaha hadi ukingoni, kisha huzimika ghafla. Kwa hiyo sauti safi si dalili kwamba mawasiliano ni imara.

Ipo hasara ambayo Kiswahili huipata zaidi ya Kiingereza, nayo si ya vokoda peke yake. Mtandao wa dijitali huhitaji kitambo kidogo baada ya kitufe kubonyezwa kabla ya njia kufunguka, na msemaji mwenye haraka hupoteza silabi za mwanzo. Katika lugha yetu ukanushaji hukaa mwanzoni mwa neno. "Msipige" ikikatwa kichwa hubaki "pige". "Hatujavuka" hubaki kitu kinachofanana na "tujavuka", na asikiaye hujazia mwenyewe apendavyo. "Acha kupiga" hubaki "kupiga". Dawa yake haigharimu senti: bonyeza, subiri mlio wa ruhusa, anza na jina la kikosi unachokiita, ndipo useme amri. Kikatwe jina, isikatwe amri. Pia ni bora amri ya kuzuia itungwe kwa neno lisilotegemea silabi moja, na irudiwe mara mbili. Kipaza sauti kiwe karibu na kinywa na kikingwe na upepo, na msemaji asipige kelele, kwa maana sauti ya kupayuka hupasuka ndani ya kipaza sauti, na mashine haiwezi kuunga kilichopasuka kabla hakijaifikia.

Kikosi chochote kinachopokea redio mpya kingeweza kufanya mtihani wake kwa alasiri moja. Atafutwe msomaji mmoja, waketi askari kumi mbali naye, yaandikwe maneno hamsini ya amri na tarakimu za lugha wanayoitumia kweli kazini, iwashwe injini ya lori, na kila mmoja aandike alichosikia bila kumchungulia mwenzake. Karatasi hizo kumi zitamweleza kamanda mambo ambayo kitabu cha mtengenezaji hakina.

KWA WAPELELEZI

Ilisemwa hapo juu kwamba njia ya sikio hutupa sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa. Mpenzi wa muziki hapotezi kitu. Mpelelezi, aghalabu, sauti ndogo ndiyo aitafutayo: mtu aliyenong'ona huku redio ikipiga muziki, jina lililotajwa nyuma ya mlango, gari lililokuwa likiondoka. Kinasa sauti kilichowekwa katika MP3 ya biti chache ili kiweze kukaa siku tatu bila kubadilishwa kimewekwa kitupe hasa vitu hivyo. Ukubwa wa hifadhi siku hizi si hoja. Saa moja ya maongezi kwa njia moja, bila kubanwa kabisa, kwa ubora wa CD, ni baiti zipatazo milioni 318, na kadi ndogo kama ukucha huhifadhi saa nyingi za namna hiyo. Panapokuwa na haja ya kubana, zipo kanuni kama FLAC, ya mwaka 2001, zinazopunguza ukubwa bila kutupa hata biti moja, na sauti ikifunguliwa hurudi kama ilivyokuwa.

Milio ya risasi nayo huteseka. Simu ya mkononi iliyokuwa wazi wakati wa tukio hunasa milio kwa vokoda iliyotengenezwa kwa ajili ya koo, na risasi haina koo. Kishindo hukatwa kimo, huvutwa urefu, na mwangwi wa ukutani waweza kufanana na risasi ya pili. Anayehesabu risasi kwa kusikiliza rekodi ya simu na ahesabu kwa hadhari kubwa, tena awe na rekodi nyingine ya kulinganisha.

Kisha kuna suala la nakala. Kunakili faili la dijitali kwa ukamilifu hakuharibu chochote. Nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Kinachoharibu ni kubana upya. Rekodi ya simu iliyobanwa kwa koo ikageuzwa MP3, ikapitishwa katika programu ya ujumbe inayoibana tena, hupoteza kidogo kila inapoguswa, mfano wa karatasi iliyotolewa nakala kutoka katika nakala. Kubaya kuliko kote ni kule kuicheza rekodi kwa spika na kuinasa kwa simu nyingine, desturi ambayo bado ipo kwa kuwa ni ya haraka. Chombo cha asili kiwekwe muhuri, faili lake linakiliwe bila kugeuzwa, na kazi yote ya kusikiliza ifanywe kwa nakala.

Programu za kusafisha sauti husaidia kupunguza mvumo au upepo, lakini haziwezi kurudisha kilichotupwa, kwa kuwa hakimo. Zile za miaka ya karibuni zinazotumia akili bandia hufanya zaidi ya kusafisha: hukisia silabi iliyokosekana kutokana na sauti nyingi zilizofunzwa, kisha huitamka kwa ufasaha. Kwa kusikiliza habari za mpira hakuna neno. Kwa ushahidi, mahakama haina budi kupewa rekodi ya asili kwanza, pamoja na maelezo ya maandishi ya kila programu iliyotumika juu ya nakala, ili wakili wa utetezi naye aweze kusikiliza pale jina lilipotajwa, au pale ambapo mashine ndiyo iliyolitaja.